Kabla ya kununua chujio, ulizeni kinachochujwa

Ndugu Mhariri,

Kila anayezungumzia kutengeneza chanjo, dawa na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) hapa nchini hutaja majengo, matangi na mitaji. Chujio halitajwi, na ndilo linalokula pesa kimyakimya. Nimeshinda maabara miaka mingi, naomba nafasi niseme.

Katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, mkuu wa manunuzi alichagua katriji, yaani chujio za kopo zenye matundu ya mikroni 0.22 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa sababu zilikuwa nafuu. Humo tukapitisha kioevu kizito cha hamira, kimetoka tangini vilevile. Mpika wali wa nazi anajua: machicha yakijaa kifumbuni, tui linagoma hata ukamue kwa mikono miwili. Katriji zikaziba, zikatupwa, zikaagizwa nyingine kutoka Ulaya, nasi tukasubiri mzigo utolewe uwanja wa ndege huku kimeng'enya kikiharibika.

Kioevu chenye seli nyingi kinataka kupitishwa sambamba na utando, yaani ngozi nyembamba yenye matundu madogo mno, kisombe uchafu kinapokwenda, na kilicho safi kipenye pembeni. Kwa seli ningechukua utando wa mirija. Kwa protini ambayo seli zimeshaondolewa, kaseti bapa, yaani tando zilizopangwa kama karatasi. Matundu nayo yana hesabu yake: kimeng'enya cha kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa molekuli) ukitaka kisipite, chukua utando wa kilodaltoni 10, maana wa 50 utakivujisha. Na msiongeze shinikizo mkidhani mtapata zaidi. Protini hujijenga utando wa pili juu ya ule mlionunua, kasi ikagota palepale.

Mfumo huu ni ghali mwanzoni, sikatai, na umeme ukikatika pampu husimama, uchafu ukaganda. Lakini nyingi ya tando hizi huoshwa kwa kostiki soda zikatumika tena na tena, ilimradi zisisuuzwe kwa maji ya visima vya chumvi, ambayo Dar tunayo tele! Katriji ya 0.22 ikae mwisho kabisa, kuondoa bakteria kwenye kioevu ambacho tayari ni angavu.

Wanaoandika zabuni wasiishie kwenye neno "chujio" na bei. Waeleze seli ni nyingi kiasi gani na protini ina ukubwa gani, kisha wamtake muuzaji alete utando mdogo wa majaribio, upitishwe kioevu chetu wenyewe kabla hatujalipa.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam