Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uchaguzi: Tunaomba matokeo ya Mbulu na Karatu, kituo kwa kituo

Mkurugenzi wa Uchaguzi,
Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUCHAPISHWA KWA MATOKEO YA UBUNGE YA ENEO LA MBULU NA KARATU TANGU 1960

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Karatu. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu ninachokiomba si changu peke yangu. Naomba Tume ikusanye matokeo ya uchaguzi wa ubunge ya eneo lililokuwa jimbo la Mbulu mwaka 1960 hadi majimbo yaliyotokana nalo leo, iyachapishe kwa Kiswahili mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuyasoma, na kwa chaguzi zote ambazo fomu za vituo zingalipo, iyachapishe kituo kwa kituo.

Ukiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha nne ni lini wapiga kura wa huku walianza kwenda kinyume na matakwa ya chama kikubwa, watakujibu bila kusita kwamba ni 1995, na watakutajia jina la Dkt. Wilbrod Slaa. Jibu hilo limepungukiwa miaka 35. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa Agosti 1960, TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ilipata viti 70 kati ya 71, na watu hupenda kuitaja hesabu hiyo kama ushahidi wa umoja wa taifa lililokuwa linakaribia uhuru. Ni kweli, lakini wagombea wa viti 58 walipita bila kupingwa, maana yake sehemu kubwa ya Tanganyika haikupiga kura kabisa mwaka huo. Mbulu ilipiga. Mgombea rasmi wa TANU alikuwa Chifu Amri Dodo, na aliyembwaga ni Herman Elias Sarwatt, mgombea binafsi ambaye naye alikuwa mwana-TANU. Kile kiti kimoja kilichobaki nje ya hesabu ya chama kilikuwa chetu.

Nalisisitiza hilo la uanachama wake kwa sababu ndilo linalosahaulika. Waliompigia Sarwatt hawakuwa wanaupinga uhuru, wala hawakuwa wamemchoka Mwalimu Nyerere. Walikuwa wanakataa kuletewa mtu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1958, eneo hili lilikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini (wakati huo jimbo lilikuwa na maana ya mkoa) chini ya utaratibu wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ndiyo sababu Bi. Sophia Mustafa wa Arusha, mwenye asili ya Asia, aliingia Barazani kwa kura ambazo nyingi zilikuwa za Waafrika. Kura yenyewe ilikuwa ya wachache: ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambulika, na masharti hayo ndiyo yaliyoutikisa mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958, uliobishania kama chama kishiriki uchaguzi huo au kiususie. Mkulima wa kawaida wa Mbulu alikuwa mgeni kabisa kwenye sanduku la kura, na karibu mara yake ya kwanza kulifikia akalitumia kumrekebisha mkubwa wake.

Kipindi cha chama kimoja sitakikalia sana, ingawa nacho kina mambo yake. Tangu 1965 jimbo lilipewa wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na kila mwanakampeni wa vijijini alijua ni alama ipi angependa kupangiwa. Kura ilikuwapo na mawaziri waliangushwa nayo. Kilichokosekana ni ule mlango aliopitia Sarwatt, kwa kuwa mgombea binafsi hakuruhusiwa tena, na hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mlango huo haukufunguliwa.

Ndiyo maana mwaka 1995 hadithi ilijirudia kwa njia nyingine. Dkt. Slaa, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kama padri wa Kanisa Katoliki kuliko kama mwanasiasa, aliomba kwanza ridhaa ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Jina lake likakatwa kwenye vikao vya juu, akahamia chama cha upinzani cha Chadema, na Karatu ikamfuata. Chadema ilipata majimbo matatu tu nchi nzima, na moja likawa hili la wakulima wa vijijini. Akarudishwa 2000 na 2005. Mwaka 2010 alipokwenda kugombea urais na kupata zaidi ya robo ya kura za taifa, wengi walitarajia kwamba jimbo lingerudi CCM, lakini alichaguliwa Mchungaji Israel Natse wa chama kilekile, na 2015 akaja Willy Qambalo. Kwa miaka 25 Karatu ilikuwa na wabunge watatu wa upinzani mfululizo, jambo ambalo majimbo mengi ya mijini hayakuliweza. Mwaka 2020 CCM ilishinda kupitia Daniel Awack, katika uchaguzi ambao Chadema iliambulia jimbo moja tu nchini na kuyakataa matokeo yake, na mwaka 2025 chama hicho hakikuwamo kabisa kwenye karatasi za kura.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, haya yote nimeyaeleza kwa majina ya washindi, na hapo ndipo historia yetu inapokwama. Mimi ninaamini kwamba mwaka 1960 na 1995 wapiga kura walifuata mtu aliyekataliwa na wakubwa wa chama chake, lakini imani yangu si ushahidi. Wenye mashamba ya mahindi na ngano wa Mbulumbulu na Rhotia walipiga kura sawa na wakulima wa vitunguu wa Mang'ola? Vibarua wa mashamba makubwa ya kahawa ya Oldeani walikwenda upande gani? Na 2020, kura zilihama kila kata, au zilihama kwenye vituo vichache kwa wingi usio wa kawaida? Jumla ya jimbo haijibu hata swali moja kati ya hayo. Fomu ya kituo inajibu.

Fomu hizo wananchi wanazifahamu. Usiku wa kuhesabu, mawakala wakishasaini, nakala hubandikwa nje ya kituo, ambacho kwetu mara nyingi ni darasa la shule ya msingi. Kesho yake ukipita asubuhi unaikuta mlangoni, tarakimu zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, saini moja imetoka nje ya kisanduku, kona ya chini imeshabanduka kwa upepo wa mwisho wa Oktoba. Jumatatu watoto wakirudi darasani haipo tena. Nakala inayodumu ni ile inayokwenda kwa msimamizi wa uchaguzi, na ndiyo ninayoiomba.

Kuna sababu nyingine isiyohusu darasa langu. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume mamlaka ya kugawa majimbo, na mwaka 2025 yaliongezeka kutoka 264 hadi 272. Jimbo la Mbulu la 1960 lilitoka katika wilaya ambayo ndani yake leo kuna Karatu, Mbulu Mjini, Mbulu Vijijini, Babati Mjini, Babati Vijijini na Hanang, na tangu 2002 Karatu imebaki Mkoa wa Arusha wakati wenzake wote wako Manyara. Kila mpaka unapochorwa upya, takwimu za jimbo la zamani hazilinganishiki tena na za jipya, isipokuwa kama unazo za kata na vituo unavyoweza kuvipanga upya.

Natambua kwamba Tume ilianzishwa 1993 na kwamba kumbukumbu za kabla ya hapo ziko mikononi mwa wengine. Kwa hizo naomba mshirikiane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa chaguzi za 1995 hadi 2025 ombi langu linasimama juu ya Ibara ya 18 ya Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Kama kazi ya nchi nzima ni kubwa mno kwa mara moja, anzeni na jimbo moja, na kama fomu za mwaka fulani zimeshateketezwa, naomba tuambiwe ni za mwaka gani na ziliteketezwa lini.

Majibu yenu mnaweza kuyatuma kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo wote tutayasoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Karatu.