Nati za kufuli zisizo na ufunguo

Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie wenzangu wa Malindi wanaonunua magari yaliyotumika, kwani baadhi huteremshwa bandarini Mombasa yakiwa na nati moja ya kufuli kwenye kila gurudumu, yaani nati ya kuzuia wizi wa magurudumu, lakini bila ufunguo wake, ile soketi maalumu ya kuifungulia. Tafuteni kwanza chini ya zulia la buti, karibu na jeki.

Ukikosekana, fundi stadi hugongomea soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati, gurudumu likiwa bado chini na hendibreki imevutwa, kisha huizungusha taratibu kwa mpini mrefu, kinyume na mwendo wa saa, hadi nati iachie. Kwa hewa yetu ya chumvi, ni vyema ipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni. Nati zenye pete ya nje inayozunguka yenyewe huishinda mbinu hiyo, na mara nyingi huhitaji vifaa maalumu vya kung'olea. Patasi na moto wa kuchomelea, ambavyo baadhi ya gereji huvikimbilia, huweza kuharibu rimu ya aluminiamu, na gharama humwangukia mwenye gari, si fundi.

Ikishatoka, fungeni nati ya kawaida yenye uzi uleule na umbo linalokaa sawasawa kwenye rimu.

Mwenye gari,
Malindi