Barua ya wazi kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini mnaojiandaa kwenda jangwa la Namib kwa gari

Wanangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, kamwene, mugonile.

Nimesikia mpango wenu: gari tatu, kiangazi hiki, kupitia Zambia hadi Namibia, mkaone Livingstone, Windhoek na Swakopmund, mkamalizie kwenye matuta ya mchanga ya Sossusvlei. Safari hiyo inawezekana, na naitaka muifanye. Lakini ratiba yenu ina siku 14, na maandalizi yenu yote yanauhofia mchanga. Siku ni chache, na hofu mmeiweka pasipo pake.

Tuanze na kilomita. Mbeya hadi Tunduma ni kama 105. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka huo, hadi Lusaka ni kama 1,000 na kidogo, Lusaka hadi Livingstone karibu 475, kisha kama 200 hadi Katima Mulilo. Kutoka hapo hadi Rundu ni zaidi ya 500, na Rundu hadi Windhoek kwa njia ya Grootfontein ni karibu 700. Jumla ni kama kilomita 3,000 kabla hamjakanyaga mchanga. Mzunguko wa Windhoek, Sesriem (lango la Sossusvlei), Swakopmund na kurudi Windhoek unaongeza kama 1,000. Kwenda na kurudi mnakaribia 7,000. Kwa siku 14 hiyo ni kilomita 500 kila siku bila kupumzika hata siku moja, na jangwa mtaliona kupitia kioo cha gari.

Wekeni siku 21. Siku ya kwanza ondokeni alfajiri mlale Mpika, ya pili Kabwe, ya tatu Livingstone, na hapo mpumzike siku nzima. Kisha Katima Mulilo, Rundu, na Windhoek. Mkihesabu na njia ya kurudi, siku 13 zinaishia kwenye lami, zinabaki 8 za miji na jangwa. Anayetaka kuongeza Lüderitz, kusini kabisa, aongeze siku 4 nyingine au auache mji huo kwa safari yake peke yake. Kuubana kati ya Sossusvlei na Swakopmund ni kuwalazimisha madereva wakimbie, na huko kukimbia ndiko kunakopindua magari.

Msiendeshe usiku, popote. Kati ya Kongola na Divundu barabara inakatiza hifadhi ya Bwabwata, karibu kilomita 190, na tembo huvuka wanapotaka. Kusini zaidi ni tandala na ng'ombe. Kumbukeni pia kwamba Zambia na Namibia ziko saa moja nyuma yetu, na mpaka wa Wenela pale Katima Mulilo hufungwa jioni. Mkichelewa, mtalala Sesheke, upande wa Zambia, mkitaka msitake.

Karatasi zishughulikieni mwezi mzima kabla. Kadi ya gari iwe ya jina la mmoja wa wasafiri. Kama gari ni la baba au la kampuni, pateni barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili. Kama lina mkopo, barua ya benki. Ombeni forodha ya TRA kibali cha kutoa gari kwa muda, ili siku ya kurudi msiulizwe mmelitoa wapi. Bima ya kadi ya njano ya COMESA inafanya kazi Zambia, ila Namibia haimo. Huko mtalipa ada ya barabara mpakani, na risiti yake itunzeni hadi mtoke. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, maana cheti hakihesabiki mapema zaidi ya hapo. Masharti ya viza ulizeni ubalozini wenyewe, msiwategemee vijana wa mpakani. Pale Tunduma msibadilishe fedha mkononi. Nendeni benki au duka la fedha. Dola ya Namibia ni sawa na randi ya Afrika Kusini, moja kwa moja, na randi inapokelewa madukani Namibia.

Bandikeni stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na bebeni pembetatu 2 kwa kila gari. Polisi wa Zambia wanazitazama.

Sasa gari. Mwenye Noah asikate tamaa: kutoka Mbeya hadi Swakopmund ni lami tupu, na hata Sesriem anaweza kufika polepole. Kilomita 60 za kutoka geti la Sesriem kuelekea Sossusvlei zina lami, na zile 5 za mwisho, zenye mchanga mzito, kuna magari ya hifadhi yanayobeba watu kwa malipo. Kwa hiyo swali la kwanza lihusu matairi kabla ya kuuliza kama gari ni foo-wili. Angalieni namba 4 zilizopigwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka 6 msilipeleke kule hata kama kashata yake bado ndefu, kwa sababu mpira mkavu hupasuka kwa joto. Matairi ya mtumba yaacheni nyumbani. Kila gari libebe spea 2, si moja: mawe ya Namibia yana ncha, yanakata ubavu, na ubavu hauzibiki. Bebeni pampu ya upepo ya umeme, kipimo cha upepo, nyuzi za kuzibia pancha, na jeki pamoja na kipande cha ubao mnene cha kuikalisha, maana bila ubao jeki itazama mchangani badala ya kuinua gari. Fundi akague shokapu, bushi, boljointi, mkanda wa feni na mabomba ya rejeta. Filta ya hewa mpya moja ya akiba inatosha.

Mzigo mzito uwe chini na katikati. Nawasihi hapa: madumu ya mafuta, maji na spea juu ya keria hulifanya gari liwe jepesi kupinduka, na kwenye changarawe huo ndio mwisho wa safari.

Nimesema hofu mmeiweka pasipo pake. Mchanga hukwamisha gari. Mtachimba, mtatoka, mtacheka. Changarawe ndiyo inayoua wageni Namibia. Barabara hizo ni pana, zimenyooka, hazina magari, zinaonekana laini kiasi cha kumfanya dereva afike 110 bila kujua. Ninyi mmezoea tope la Makete na kona za Kitonga, ambako barabara yenyewe inakuonya. Kule haionyi. Changarawe juu ya udongo mgumu huviringika chini ya tairi, kwa hiyo breki haishiki na usukani unachelewa kuitika. Kisha inakuja kona, au daraja la kijito kikavu, au mkunjo wa ardhi. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu, nyuma inakwepa, anavuta usukani kwa pupa upande wa pili, tairi linauma ardhi ngumu na gari linalala.

Mwendo usizidi 80, na kwenye kona 50. Shusheni upepo: kama kwenye lami mnatumia PSI 35, kwenye changarawe wekeni 26 hadi 28. Tairi linakuwa laini, linashika vizuri na halikatwi ovyo. Punguzeni mwendo kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Fuateni nyayo za magari yaliyotangulia, na mkitaka kuvuka tuta la kokoto lililo katikati, fanyeni taratibu. Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, tazama unakotaka kwenda na ulielekeze huko kwa upole. Gari la mbele likitimua vumbi, kaeni nyuma hata nusu kilomita. Anayepita gari ndani ya vumbi anapita asichokiona. Washeni taa mchana kutwa. Badilishaneni usukani kila saa 2.

Mchangani kanuni ni fupi. Ingizeni foo-wili kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Upepo PSI 15 hadi 18. Mwendo mmoja, bila kusimama na bila kukata kona ghafla. Gari likizama, acheni mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi la ekseli. Chimbeni mbele na nyuma ya magurudumu, kisha rudini nyuma kwenye njia mliyoingilia. Nendeni alfajiri, mchanga ukiwa wa baridi na umeshikana. Saa sita mchana ni laini zaidi. Na mkitoka, jazeni upepo kabla ya kurudi kwenye lami, kwani tairi laini likikimbizwa hupata joto hadi kuharibika, au huchomoka kwenye rimu.

Mafuta: gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litahitaji kama lita 840 kwa safari nzima; wekeni 950 kwenye bajeti kwa ajili ya changarawe na mchanga. Jazeni Sesriem, na tena Solitaire, kwani kutoka Solitaire hadi Walvis Bay ni kilomita zaidi ya 200 bila kituo. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, akiba ya siku 3, yagawanywe kwenye madumu madogo ili moja likivuja msibaki mikono mitupu. Gari likiharibika, msiliache. Gari huonekana kutoka mbali, mtu hapana. Ramani zipakueni kwenye simu mapema, mtandao utapotea.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Januari hadi Machi mvua za ghafla hukata barabara za changarawe na joto ni kali. Ila msidanganywe na neno jangwa: usiku wa Julai pale Sesriem baridi yake mtaifananisha na ya Makete. Swakopmund nako kuna ukungu, kwa sababu mkondo baridi wa Benguela unapita pwani ile. Barabara za chumvi za kaskazini ya mji zinafanana na lami, na ukungu ukizilowesha huteleza vibaya.

Nyama mbichi msinunue kaskazini. Kati ya Rundu na Grootfontein, pale Mururani, kuna kizuizi cha mifugo cha kuzuia magonjwa, nyama itachukuliwa. Nunueni Grootfontein. Na mkiwa hapo, kama kilomita 20 magharibi, kaoneni kimondo cha Hoba, tani zipatazo 60, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Ingependeza kama mngekuwa mmeshapita kuona kile cha Mbozi, maana kipo njiani kwenu siku ile ile ya kwanza.

Kuhusu miji nina ombi. Msiende kupiga picha za majengo ya Kijerumani tu. Kabla hamjaondoka, nendeni Kalenga na kwenye jumba la makumbusho la Boma pale Iringa. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kalenga, ngome yao, ikaanguka 1894. Mkwawa, mtawala wao, akafa 1898. Miaka ile ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, dola ile ile ilikuwa ikiwaangamiza Waherero na Wanama kule Namibia, 1904 hadi 1908. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero Oktoba 1904, alikuwa ameongoza majeshi ya Kijerumani huku kwetu kuanzia 1894.

Mkikaribia Otjiwarongo, mashariki kuna mlima Waterberg. Baada ya vita vya Agosti 1904 Waherero walisukumwa kutoka hapo kuingia nyika kavu ya Omaheke, na askari wakawazuia kurudi kwenye visima. Watu wengi walikufa kwa kiu. Windhoek, Alte Feste ni ngome ya 1890. Sanamu ya mpanda farasi wa Kijerumani iliondolewa mbele yake 2013, na pale sasa kuna ukumbusho wa mauaji yale. Swakopmund ina stesheni ya 1901 na jengo la Woermannhaus la 1905, mazuri kwa macho, na pembeni mwa mji kuna makaburi yasiyo na majina ya Waherero na Wanama waliokufa kwenye kambi za Wajerumani. Msikodi pikipiki za magurudumu manne kuchezea eneo hilo. Nendeni kwa miguu, mkae kimya.

Sossusvlei lalieni ndani ya geti, kambi ya Sesriem, kwa sababu wanaolala ndani huruhusiwa kutoka saa nzima kabla ya wengine. Deadvlei ni kilomita kama 1 kwa miguu kutoka kwenye maegesho, na mchangani inachosha. Kila mtu abebe lita 2. Miti iliyosimama pale ilikufa karne nyingi zilizopita na ukavu haujairuhusu kuoza. Msiipande wala kuivunja.

Mkirudi, kila mpaka hakikisheni kibali cha muda cha gari kimefungwa. Wengi hugonga mhuri wa pasipoti, wakaondoka. Kibali kisichofungwa kinaonyesha gari bado liko nchini mwao, na mwenye jina kwenye kadi ndiye atakayedaiwa ushuru. Subirini afisa afunge, pigeni picha ya karatasi, ndipo mvuke.

Mzee wenu,
Mbeya