Mwanangu, Waache Wavulana Wacheke

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, kusi limekaza, bahari imechafuka, na dua zetu ziko nanyi usiku na mchana.

Simu yako ya juzi imeninyima raha. Si kwa sababu jirani wa ghorofa ya chini amelalamikia kelele za watoto. Mtu aliyerudi kazini amechoka ana haki ya kulalamika. Kilichoniuma ni lile neno lako la mwisho, kwamba umewanunulia watoto tableti, na tangu hapo "nyumba imetulia, mama". Nyumba yenye wavulana watatu, wa miaka saba, mitano na mitatu, haitulii jioni nzima hivi hivi. Na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ulilitamka mbio mbio ukakimbilia habari za bei ya gesi.

Najua mkaza mwanangu yuko zamu za usiku hospitalini na jioni zote ni zako. Unawaogesha, unawapikia, unawalaza. Wanaume wengi wa rika lako hawajui hata kiatu cha mtoto wao ni namba ngapi, na mimi sifa zako nazitaja mbele za watu bila kuona haya. Ila mtoto akishaoga na kushiba bado ana jambo analolingoja kwako, nalo ni ucheke naye. Hilo tableti haliwezi. Linamchekesha peke yake, kila mmoja kona yake, na wewe kona yako.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Wa miaka mitatu na minne ahitaji dakika 180 za kujisogeza kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Kitinda mimba wako amewekwa humo. Hebu pima mwenyewe jana alikaa kwa muda gani na alikimbia kwa muda gani.

Sasa hili la jirani. Kinachomfikia zaidi kule chini si kicheko, ni visigino. Zege hupitisha kishindo. Kwa hiyo tandika blanketi nene chini, mkeka juu yake, na uwafanye wacheze kwa magoti. Nasema magoti kwa sababu ukipiga magoti nawe unakuwa kimo chao, na hapo ndipo raha ilipo. Mpira uwe wa soksi. Chukua soksi kuukuu sita. Ya kwanza ikunje ikunje iwe donge gumu, ivike ya pili, ivute hadi ikaze, pindua mdomo, zungusha robo, vika ya tatu, hivyo hivyo mpaka ya sita. Mdomo wa mwisho ushone kwa uzi maradufu. Upate ukubwa wa chungwa kubwa. Wengi hukosea wakazisokomeza soksi zote ndani ya moja bila kukaza, mpira ukawa mfuko, hauviringiki, watoto wakauchoka kabla hata hawajafungana. Ukikazwa vizuri huviringika, haudundi, hauvunji gilasi na hausikiki chini. Goli ni miguu ya kiti. Wavae suruali ndefu, la sivyo magoti yatachubuka kwenye mkeka na mchezo utaishia kwenye kilio.

Ugomvi utakuja kwenye kuhesabu mabao, kwa sababu mkubwa atashinda kila siku. Mpe sharti: apige kwa mkono wa kushoto tu. Wa kati apige kwa mikono yote. Mdogo abebe mpira akimbie nao, asimame, aanguke, afanye apendavyo, na bao lake lihesabiwe hata akijifunga mwenyewe. Usimweleze kwamba amejifunga. Dakika ishirini baada ya Maghrib zatosha. Usiupeleke mchezo huu karibu na kulala, kwa kuwa mwili uliochemka hautulii upesi, nawe utajiona umeshindwa urudi kwenye tableti. Panga hivi: mchezo, kuoga, chakula, Isha, kisha hadithi taa ikiwa hafifu.

Mieleka ya godoroni nayo inafaa, lakini shingo isishikwe, na mtu asirushwe. Na liwepo neno moja, "basi". Yeyote akilitamka, wote waachie papo hapo, baba akiwa wa kwanza. Hasa kwenye kutekenyana. Mtoto anayetekenywa hucheka hata akiwa ameshaumia au amebanwa na pumzi, basi kicheko kisikudanganye. Ukiendelea baada ya "basi", kesho wa kati atamfanyia mdogo vivyo hivyo, na huwezi kumkanya.

Mzaha nao una rika, babangu, usiwape wote mmoja. Wa miaka mitatu huchekeshwa na mkubwa anayekosea. Vaa kiatu mkononi, kisha mwulize mbona hakitembei. Tafuta kofia nyumba nzima na iko kichwani. Atacheka hadi akae chini, halafu atakwambia "tena", na tena, na tena, nawe usichoke kabla yake. Wa miaka mitano amefika umri wa maneno ya msalani. Usimgombeze na usimchekee. Vyote viwili humwongezea hamu. Mpe neno jingine la kipuuzi lililo safi, refu, lenye mlio, mshindane nani atalitamka mara tatu bila kukosea. Au mpe hili la kukunja ulimi: "Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale." Aanze polepole, halafu kwa kasi. Wa miaka saba ndiye wa vitendawili sasa, kwa sababu ameanza kuelewa kwamba maneno yanaweza kusema jambo moja na kumaanisha jingine.

Anza na vile vya kawaida. Nyumba yangu haina mlango. Popoo mbili zavuka mto. Kila niendapo ananifuata. Akishindwa, akupe mji, na hapo usikimbilie jibu! Utamu uko kwenye mji. Sema ulikwenda Faza ukaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukavishwa kanzu, ukapandishwa punda mwenye kengele, na yeye ukamwacha Nairobi anakula uji baridi. Ndipo useme: yai. Baada ya wiki atataka kutega vyake. Mfundishe njia: achague kitu kilichomo chumbani, akitazame kina mguu, mdomo au mgongo gani, akisimulie kama mtu, jina lake alifiche. Vya kwanza havitakuwa na maana hata kidogo. Vipokee hivyo hivyo, mpe mji.

Wala usidhani kucheza na watoto kunapunguza heshima ya baba. Mtume wetu (s.a.w.) alirefusha sijida katika sala ya jamaa kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, hakutaka kumharakisha. Na mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, Mtume alimwuliza habari za kindege chake kwa maneno yenye vina ili amfurahishe. Sasa wewe unanambia umechoka. Wachoka kweli, nakubali. Basi lala chini kifudifudi uwe jahazi, wao wapakie mizigo mgongoni: mito, vikombe vya plastiki, viatu. Kila baada ya muda piga wimbi, shehena ianguke. Baba anapumzika na watoto wanacheka. Hiyo tableti iko kabatini.

Nimekutumia kifurushi. Kimevushwa kwa boti hadi Mokowe na kupakiwa kwenye basi, kitafika inshallah kabla ya Ijumaa. Ndani mna pepeo tatu za ukindu, vyelewa vilivyonyooka, zile njiti za makuti, kitambaa cha shuka kuukuu, na kandambili tatu nene zisizo na mikanda. Hizo ni za kuundia vyombo vidogo vya tanga. Lile jahazi la Flipflopi lililojengwa huku kwa plastiki za kuokota na kuvishwa kandambili zipatazo 30,000, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kwa hiyo usiseme kandambili si kitu cha maana. Waambie wavulana habari hiyo kabla hamjaanza.

Kisu ni kazi yako. Kata mbele iwe omo iliyochongoka, nyuma iache bapa iwe tezi. Tundu la mlingoti litoboe theluthi moja kutoka omo, si katikati. Tanga likikaa nyuma sana, chombo hugeuka kuutazama upepo na hakiendi. Mlingoti funga vyelewa vinne pamoja, na urefu usizidi urefu wa kandambili yenyewe, la sivyo chombo kitapinduka upepo wa kwanza. Chini, pasua mstari katikati, chomeka kipande cha plastiki ya dumu kilichoshuka kama vidole vitatu, na mwisho wake ufunge nati mbili. Plastiki huzuia chombo kisiende upande, nati hukisimamisha. Ukisahau nati, usishangae. Foromali, ule mti wa kushikilia tanga, ni chelewa kimoja kirefu, tanga ni la pembe tatu, na demani ni uzi kutoka pembe ya nyuma hadi tezi. Uzi ukiwa mfupi mno tanga haliruki; ulegeze kidogo kidogo. Tanga wakate na kulipamba wenyewe, hata likienda upande liache.

Mashindano yafanyike kwenye beseni kubwa la kufulia, kila nahodha na upepeo wake. Kupuliza kwa mdomo marufuku, mdogo atapata kizunguzungu. Na beseni limwagwe mara tu mchezo ukiisha. Mtoto wa miaka mitatu aweza kuzama kwenye maji ya kina cha shubiri, bila kelele, wakati wewe unapokea simu. Simu isipokewe.

Jumapili asubuhi mkaza mwanangu akiwa amelala baada ya zamu, pika mahamri nao. Unga wa ngano vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira vijiko vidogo viwili, iliki ya kusaga kijiko kidogo, samli kijiko kikubwa kimoja, tui zito kikombe kimoja, uliongeze taratibu mpaka unga ushikane. Tui liwe vuguvugu. Likiwa moto huua hamira. Wavulana wakande kwa zamu, dakika tano tano. Nairobi mwezi huu wa Julai ni baridi, kwa hiyo donge huenda likachukua saa mbili kuumuka; liweke ndani ya sufuria kubwa juu ya bakuli la maji moto, ufunike. Kila mtoto mpe kibonge chake afanye atakacho, punda, herufi, nyoka. Ila mwambie kisizidi unene wa nusu sentimita, kwa sababu punda mnene huiva nje akabaki mbichi tumboni. Wakati wa kukaanga wasimame nyuma ya mkeka, hatua mbili kutoka jikoni, wote, hata mkubwa. Mafuta yawe moto vizuri, uyamwagie juu ya hamri kwa upawa ili lifure. Mafuta baridi hulinywesha tu. Watashangilia kila linapofura. Sahani ya kwanza waibebe wao wenyewe hadi kwa jirani wa chini, wabishe hodi, wampe salamu. Nina hakika atawazoea.

Sisemi uitupe tableti, fedha ulizotoa ni za jasho lako. Lakini mdogo, saa moja haipiti, na kioo kisiingie kitandani wala kwenye chakula. Nitakuuliza tena kwenye simu, na nitamwuliza mkubwa, yeye hasemi uongo.

Huku boriti mbili za chumba cha nyuma zimeliwa na mchwa. Fundi amekwisha kuziona, mpya zitakuja na punda wiki ijayo, na babako ameshaanza kuhamisha vitu vyako vya shule. Nimemkataza asitupe kitu. Wakati huo huo nashona kofia za viua za watoto, kwa ajili ya Maulidi, maana mkija likizo ya Agosti nataka wakatazame mashindano ya punda wakiwa wamevaa sawasawa. Nahitaji vipimo. Kichwa kipimwe kwa uzi, juu ya nyusi na juu ya masikio, kisha uuweke uzi kwenye rula. Kanzu pima kutoka bega hadi kifundo cha mguu, mtoto akiwa ameegemea ukuta na visigino vimegusa. Mdogo hatasimama, najua. Mpime akiwa amelala usingizi, uongeze inchi moja. Niandikie kila jina na kipimo chake, usiniambie kwa simu ukachanganya tena.

Mpe salamu mkaza mwanangu, mwambie samli imo kwenye mkebe wa bluu.

Mamako