Divai nyekundu isiandaliwe kwa joto la Malindi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jinsi divai nyekundu ya Ufaransa inavyoandaliwa katika hoteli zetu za Malindi. Sisi wahudumu tulifunzwa kwamba divai hiyo haitiwi barafuni, bali hunywewa kwa joto la chumba. Lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18, si ukumbi wetu wa makuti ambamo adhuhuri ya Februari hupita nyuzi 30. Katika joto hilo kileo hupanda puani na kufunika harufu ya matunda, hata divai ya Médoc, eneo la Bordeaux huko Ufaransa, inayotawaliwa na zabibu za Cabernet Sauvignon na ukakasi wa kukaza ulimi, ikaonekana nzito na chungu. Ya Bourgogne, eneo la mashariki mwa Ufaransa, itokanayo na zabibu za Pinot Noir, huumia zaidi, maana sehemu kubwa ya uzuri wake imo katika harufu.

Dakika 20 hivi katika ndoo ya maji na barafu zatosha. Kisha imiminwe hadi theluthi ya bilauri, izungushwe taratibu na kunuswa kabla ya kuonjwa. Naziomba hoteli ziwafunze vijana wetu jambo hili kabla ya wageni wa Desemba kuwasili.

Mhudumu mstaafu,
Malindi