Wakaguzi waje bila kupiga simu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni saidia fundi hapa Dar, zege nimebeba miaka mingi. Sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu 2003 na OSHA, wakala wa serikali unaokagua usalama kazini, wapo, sawa, lakini kwenye saiti niliyokuwa juzi siku mkaguzi anakuja bosi anajua mapema, asubuhi tunagawiwa helmeti na buti, mkaguzi akiondoka tu vinarudi stoo halafu sisi tunapanda mirunda na ndala!

Mwenzetu alidondoka akavunjika mguu, akapewa nauli ya kwenda kwao basi. Mkataba hana, na sheria ya ajira ya 2004 inasema mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, sasa huko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ataanzia wapi wakati bosi hajawahi kukubali kwamba alimwajiri?

Ghorofa la Kariakoo lilianguka Novemba 2024 watu wakafa, tukalia wote. OSHA jamani, njooni ghafla, hata Jumapili, na mtuulize sisi wabeba zege pembeni, bosi asiwepo.

Saidia fundi,
Mbagala