Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtupimie kumeza kabla ya kuturuhusu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Yah: Wagonjwa wa kiharusi kurudishwa nyumbani bila kupimwa kumeza

Nakusalimu kwa heshima. Juzi hapa Mbagala tumemzika mzee wa mtaani kwetu aliyepata kiharusi muda mfupi baada ya mama yangu, wakalazwa hospitali ileile. Mguu wake ulikuwa umeanza kupata nguvu. Akishika ukuta alifika barazani mwenyewe. Kilichomuua ni homa ya mapafu. Wanawe wanasema alikuwa akipaliwa kila anywapo chai, na kwamba walipewa maelekezo ya kumnyoosha mkono na mguu, ya koo hawakupewa. Msibani watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu siyapingi, Mheshimiwa. Napinga mgonjwa kurudishwa nyumbani na hatari ambayo hospitali inaijua na familia haijui.

Karibu nusu ya wanaopata kiharusi hushindwa kumeza sawasawa siku za mwanzo. Misuli ya ulimi na koo hulegea au huchelewa, njia ya hewa haifungwi kwa wakati, na chakula, maji au mate huingia mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani. Maji huwasumbua wengi zaidi kwa sababu huteremka haraka kabla koo halijawa tayari. Tena wapo wasiokohoa kabisa: maji yameshaingia mapafuni, mgonjwa katulia, ndugu wanashukuru kwamba leo amekunywa. Hilo familia italigunduaje kwa macho?

Haya sikuelezwa wodini. Nilielezwa na muuguzi mmoja mwenye huruma tuliporudi kubadilishiwa mpira wa kulishia puani. Ndiye aliyenifundisha, foleni ikiwa mgongoni kwangu, kumketisha mama wima anapoonjeshwa chochote, kumwacha ameketi nusu saa baadaye, kungoja ameze kijiko kimoja kabla ya kingine, na kumsafisha kinywa asubuhi na jioni ili mate yakipotea njia yasibebe uchafu. Mungu amlipe. Ama mtaalamu aliyesomea matatizo ya kumeza, tuliahidiwa kupigiwa simu akipatikana. Hatujapigiwa mpaka leo.

Genge langu nimelifunga. Mama haachiki na watoto, maana akiuchomoa mpira ni kukodi bajaji usiku kwenda kurudishiwa, na nauli hiyo ndiyo ilikuwa ya sabuni na unga. Nimejifunza mwenyewe ni uji wa ulezi wa uzito gani unaopita, na mtori upi unamtoa machozi. Lakini yeye haombi uji. Anaomba maji ya baridi. Mwanamke aliyenizaa ananiomba maji kwenye joto hili la Dar es Salaam, nami namkatalia. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba huenda sasa hakuna sababu ya kumkatalia, kwa kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu ya kumeza ndani ya wiki chache. Hakuna aliyempima tena. Basi anakaa na kiu yake, na mimi nakaa na hofu yangu.

Usije ukaambiwa tuko wachache. Utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulikadiria kwamba hapa mjini kulikuwa na visa vipya vya kiharusi takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wakati wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, ilikuwa na takriban 109. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Chuo cha Muhimbili kinafundisha wataalamu wa usikivu na usemi, na kumeza ni sehemu ya fani ya usemi. Nadhani tatizo liko kwenye vibali vya ajira, kwamba kada hiyo haikumbukwi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa wote, Mheshimiwa, yaani na mama yangu.

Naomba agizo lenye sahihi yako: mgonjwa wa kiharusi asipewe chakula wala kinywaji kabla ya kupimwa kumeza, na asiruhusiwe kabla familia yake haijaonyeshwa namna ya kumlisha. Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Ni maji kidogo kwa kijiko, mgonjwa ameketi, na mtu aliyefundishwa akisikiliza kikohozi na sauti inayobadilika. Wauguzi wanaweza kufundishwa. Anzeni na hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, na wanaoshindwa kipimo hicho wapelekwe kwa mtaalamu.

Kama agizo litachelewa, basi naomba hili tu: apatikane mtu wa kumpima mama, aniambie kama naweza kumpa maji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa mgonjwa, Mbagala